Kabla Hamjaipiga Shule Lipu ya Saruji

Wanangu wa kamati ya wahitimu,

Barua yenu nimeisoma, na makadirio mliyoyaambatanisha nimeyapitia mstari kwa mstari. Mnasema fedha za kuanzia zimepatikana. Mnataka kubandua lipu yote ya zamani, kupiga lipu mpya ya saruji ndani na nje, kutandika vigae sakafuni, halafu kupaka rangi ya mafuta mpaka darini, ili shule yetu ing'are siku ya mahafali. Mmeniomba baraka. Kwa mapenzi yenu kwa shule, baraka mnayo tangu zamani. Kwa lipu ya saruji siwapi, na nitawaeleza kwa urefu, maana jengo lile likiharibika hakuna wa kutujengea jingine la namna yake.

Kwanza mlijue. Halikujengwa kwa tofali. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga, na unene wake haupungui dhiraa moja. Ingizeni mkono dirishani mjipimie. Dari ya chumba cha mwalimu mkuu imelala juu ya boriti za mikoko. Madarasa ni mapana kuliko urefu wa boriti, kwa hiyo huko mtakuta chuma kilicholetwa kwa meli, na paa la bati lenye kenchi za mbao. Huu ni ukoo mmoja na majengo ya Bagamoyo, Pangani, Kilwa Kivinje na Mikindani: elimu ya ukuta ni ya pwani, vipimo na chuma ni vya Mjerumani aliyekuja na ramani zake mkononi mwishoni mwa karne ya 19.

Najua wako kati yenu wanaosema, jengo la mkoloni tunalihangaikia la nini? Neno hilo lina uzito wake na silipuuzi. Shule zile zilifunguliwa ili serikali ipate makarani, wakalimani na maakida wa kuitumikia. Lakini aliyeichoma chokaa ile, aliyelichonga lile jiwe, aliyeusimamisha ukuta kwa timazi ukasimama zaidi ya miaka mia, ni fundi wa mwambao huu. Na si kila shule ya wakati ule ilitoka mfukoni mwa serikali. Kule Bagamoyo, jengo la shule lilitolewa katika miaka ya 1890 na Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mwismailia aliyekuwa akiiandalia misafara ya bara bidhaa na wapagazi. Alilikabidhi kwa Wajerumani kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokelewe. Alifariki mwaka 1897, na mpaka leo jina lake linatajwa na wagonjwa pale Muhimbili, kwenye jengo la Sewa Haji. Nako Tanga, shule ya serikali ilikuwa na mtambo wake wa kuchapia, na humo mwanzoni mwa karne ya 20 ndimo lilimochapwa gazeti la Kiongozi, kwa Kiswahili. Mkoloni alikuwa na nia yake, na waliokaa kwenye madawati wakawa na yao. Kuta zimebeba nia zote mbili, nasi ndio warithi.

Sasa turudi kwenye lipu.

Ukuta wa chokaa hunywa maji na kuyatoa. Unyevu hupanda kutoka ardhini, mvua ya upepo huupiga ubavuni, na jua likitoka, maji hayo hurudi hewani kupitia uso wa ukuta. Ni kama mtungi: unatoka jasho, na kwa jasho lilo hilo maji ya ndani hupoa. Mkikaa darasa la pili saa saba mchana wa kaskazi mtahisi ubaridi ambao madarasa mapya ya tofali hayana. Unene wa ukuta unalichelewesha joto lisiingie kabla ya watoto kwenda nyumbani, na jasho la ukuta linapunguza lile kidogo lililoingia.

Saruji haina tabia hiyo. Ni ngumu kuliko jiwe la tumbawe mnalotaka kuibandika juu yake, na maji huipita kwa shida. Mwaka wa kwanza ukuta utapendeza na watu watawapongeza. Maji hata hivyo hayataacha kupanda kutoka ardhini. Yatakuta uso umezibwa na kuanza kutafuta njia nyingine, yakipanda juu zaidi ya pale yalipozoea. Maji ya huku kwetu yana chumvi, na jiwe lenyewe limetoka baharini. Yakikauka, chumvi hubaki nyuma ya lipu na kugeuka chembe ngumu, na chembe hizo huvimba ndani ya vitundu vya jiwe mpaka jiwe linageuka unga. Lipu inaanza kupasuka, kisha inatoka vipande vikubwa na uso wa jiwe ukiwa umeng'ang'ania nyuma yake. Hapo fundi huwaambia lipu ya kwanza ilikuwa nyembamba, apige nyingine nene zaidi. Nimeziona kuta zilizopigwa saruji mara tatu, na kila mara ukuta wenyewe unapungua.

Wala si uso tu. Kichwa cha boriti kimezama ndani ya ukuta, gizani, mahali ambapo hamkioni. Maji yaliyokosa pa kutokea huenda kukaa hapo. Mti wa mkoko ni mgumu na hustahimili mengi, ila kichwa kikilowa miaka mfululizo bila kukauka huoza, mchwa wakafika, na siku moja dari inashuka huku katikati ya boriti bado ni nzima kabisa. Kwenye madarasa yenye chuma ni vibaya zaidi: chuma kikipata maji na chumvi hufanya kutu, kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na nguvu ya kutanuka huko hupasua kila kilichokizunguka.

Mtaniuliza, basi tutumie nini? Chokaa, wanangu. Chokaa ni jiwe lilelile lililochomwa kwenye moto wa nyuzi kama 900, likatokwa na hewa ya kaboni. Likimwagiwa maji linachemka lenyewe, linavimba, linalainika. Likishapakwa ukutani linaanza kuivuta tena ile hewa ya kaboni kutoka angani, polepole, mpaka linarudi kuwa jiwe. Kazi hiyo ya kurudi huchukua majuma na miezi, na ndiyo sababu mafundi wa siku hizi wanaikwepa: tajiri anataka kuona ukuta umekauka Ijumaa. Lakini shule ina likizo. Mkipanga ukuta mmoja kila likizo ndefu, hakuna darasa litakaloathirika, na fedha haitatoka yote kwa mkupuo.

Zamani tulipanga tanuu wenyewe, magogo kwa duara na mawe juu yake, na moto ukawaka usiku kucha. Hilo siwashauri. Tanuu moja lilikula mikoko mingi, na kuvunja matumbawe ya baharini ni kuvunja nyumba ya samaki tunaowala. Mawe yaliyoanguka kwenye uzio wa nyuma yanatosha kuziba mashimo yote niliyoyaona. Chokaa inauzwa kwa mifuko, ya Tanga ipo na ni nzuri. Inunueni mapema, mwichanganye na maji shimoni au kwenye mapipa, ikae imefunikwa kwa maji. Mjomba aliyenifundisha hakukubali mtu aiguse kabla ya miezi mitatu kupita, na kadiri ilivyokaa ndivyo ilivyokuwa laini kama inavyotakiwa. Mchanganyo wa kuanzia ni sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga mkali uliooshwa. Mchanga wa pwani msiuguse, hata ukiletwa bure. Mtakuwa mnaupaka ukuta chumvi ileile mnayotaka kuukomboa nayo. Kwanza lowesheni ukuta. Pigeni lipu tabaka nyembamba, si zaidi ya unene wa kidole, na kila tabaka ipumzike kabla ya nyingine. Tundikeni magunia yenye maji mbele yake, jua lisiikaushe upesi, maana chokaa iliyokaushwa na jua hubaki vumbi. Mwishoni ndipo mtaweka niru, ule uji mweupe mwembamba uliochujwa, na kuusugua mpaka uso unateleza.

Fundi atakuja na neno moja, na mlijue mapema: "Tutie saruji kidogo tu, ishike." Mkatalieni kwa heshima. Ama rangi, ya mafuta na ya plastiki huziba ukuta vilevile. Pakeni chokaa. Itafifia, ndiyo, na mtairudia baada ya mwaka au miwili. Lakini ndoo ya chokaa na brashi ya katani wanafunzi wa darasa la saba wanaziweza, na enzi zetu kazi hiyo ilikuwa yetu kila shule ilipokaribia kufunguliwa.

Niliona pia kwenye makadirio yenu mstari unaosema "kuziba veranda ya mbele, kupata ofisi mbili." Hapa nisikilizeni kwa makini kuliko pote. Veranda ile si pambo. Jua la mchana huishia sakafuni mwake lisiufikie ukuta wa darasa, na mvua ya kusi huishia hapo isiingie kwa watoto. Madirisha ya upande wa baharini na milango ya upande wa uani vimepangwa vikitazamana, kaskazi ikivuma inaingia huku na kutokea kule, kusi ikigeuka inarudi. Juu kabisa, chini ya dari, kuna vitundu mnavyodhani ni vya popo. Hewa ya moto hupanda, dari iko juu kwa makusudi, na vitundu vile ndivyo mlango wake wa kutokea. Mkiziba veranda mmeziba pua ya jengo zima, kisha mtachangishana tena kununua mapangaboi.

Na mwanga. Wajenzi wa shule wa Ulaya wa wakati ule walikuwa na kanuni kwamba mwanga mkuu umwingie mwanafunzi kutoka kushoto, ili mkono wa kulia unapoandika usitupe kivuli kwenye herufi. Nendeni darasa la tatu mkakae mkiutazama ubao wa zamani, ule uliojengewa ukutani, mtaona madirisha makubwa yako kushoto kwenu. Halafu nendeni darasa la nne, ambako ubao ulihamishiwa ukuta wa pili: watoto wana dirisha kuliani, wanaandika ndani ya kivuli cha mikono yao wenyewe, na wenye macho dhaifu wanahangaika. Kurudisha ubao pale ulipokuwa hakugharimu chochote ila nguvu za vijana wawili. Fanyeni hilo wiki hii, na mwanafunzi anayeandika kwa mkono wa kushoto akalishwe upande unaomfaa.

Siwalaumu waliobadilisha. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977, watoto wakafurika, na kila kona ikageuzwa darasa; ilikuwa kazi njema na mimi nilishiriki kusimamisha kuta za kugawa vyumba. Ada za shule za msingi zilipofutwa mwaka 2001 walikuja wengi tena. Mtoto mwenye darasa la giza ana heri kuliko asiye na darasa. Leo hata hivyo mna kiwanja nyuma ya mwembe, mna madarasa mapya yaliyokwisha kujengwa huko, na mnaweza kuongeza. Ofisi mbili zijengeni huko. Kwa tofali na saruji, sina neno. Saruji haina ubaya mahali pake. Ubaya ni kuivisha nyumba isiyoijua.

Vivyo hivyo msinielewe kwamba kila kilichopo kisiguswe. Vyoo vile havikustahili watoto hata siku vilipojengwa, vibomoeni. Ngazi tatu za mlango mkuu zinamzuia mtoto wa kiti cha magurudumu, wekeni mteremko, ila ujengwe pembeni, usimame kwa miguu yake na usishikane na ukuta. Umeme upite juu ya ukuta kwenye mabomba. Msimruhusu mtu achimbe mifereji kwenye jiwe kwa ajili ya waya.

Kuhusu boriti, zichunguzeni moja moja. Chukueni bisibisi mchome pale boriti inapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye mkate, boriti hiyo imekwisha. Muuzaji atawaletea mazio au pau akiziita boriti, kwa kuwa ni nyembamba na rahisi kupatikana; mjue tofauti kabla ya kulipa. Mikoko inalindwa, na ukataji wake ni kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo daini karatasi. Mkikosa, mti mgumu wa bara uliokauka vizuri unafaa, mradi kichwa chake kiachiwe nafasi ndogo ya hewa ndani ya tundu la ukuta, kisijazwe udongo pande zote.

Msianze kufungua dari bila mhandisi aliyewahi kushika jengo la mawe. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib kule Unguja, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilianguka wakati ikiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Ukuta wa zamani na sakafu yake hushikana. Ukitoa kimoja, kingine hukosa mwenzake. Miti ya kuegemeza isimamishwe kwanza, ihesabiwe na mtaalamu, ndipo nyundo ya kwanza ipigwe. Na siku za kazi hiyo mtoto yeyote asipite hata uani.

Lipo pia jambo la sheria, na vijana wengi hudhani limekwishajiendea lenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyosimama kabla ya mwaka 1863. Shule yetu ni changa kuliko huo mwaka, kama zilivyo karibu shule zote za zamani za mwambao. Ili ilindwe ni lazima itangazwe rasmi, na haitangazwi na mtu asiyeombwa. Andikeni kwa Idara ya Mambo ya Kale, kupitia halmashauri, mkiambatanisha picha za kila ukuta, kila mlango, kila ufa, pamoja na vipimo. Mkishapiga lipu ya saruji na kuziba veranda mtakuwa mmejinyima hoja. Katibu wenu, binti yangu yule mwenye mwandiko mzuri, ndiye aifanye kazi hiyo. Na aende kwa wazee waliobaki awaulize chumba kipi kilikuwa cha nini, aandike, maana tunapungua.

Sasa utaratibu. Kabla ya masika, paa. Misumari ya bati imeota kutu upande wa baharini na maji yanaingia kwenye vichwa vya kenchi. Ibadilisheni yote, siyo ile inayovuja tu. Kisha mifereji ya mapaa na mabomba yake, maji yapelekwe mbali, kwenye tangi, shule ipate ya kumwagilia. Halafu msingi: ardhi imepandishwa kwa kifusi mpaka imeufikia ukuta usawa wa goti. Kiondoeni chote mpaka mwone mstari wa zamani, na ule ukanda wa saruji uliomwagwa kuzunguka jengo uvunjwe, ardhi ipumue. Mtini uliootea kwenye ufa wa nyuma msiung'oe, mtatoka na ukuta. Ukateni, mizizi ife mahali pake, ndipo mzibe ufa. Baada ya hayo acheni jengo likauke msimu mzima wa kaskazi bila kulifanya lolote. Hapo ndipo mtajua ni lipu ipi kweli imekufa. Gongeni kwa kifundo cha kidole, panapotoa sauti ya uwazi pabanduliwe, pengine paachwe. Nakadiria zaidi ya nusu ya lipu mnayotaka kuitupa ni nzima.

Fedha mliyoitenga kwa vigae ihamishieni kwenye bati na mhandisi. Na kabla ya kumlipa fundi yeyote, nileteeni vijana wawili au watatu wa hapa hapa mjini, wavulana kwa wasichana, wasio na haraka ya kwenda Dar es Salaam. Shimo la chokaa tutalichimba kwangu, nyuma ya nyumba, nami nitawafundisha kuichuja niru na kushika mwiko. Wao ndio watakaokuwa wakiutazama ukuta kila baada ya masika, kujua ufa upi ni wa zamani na upi umezaliwa mwaka huu. Waje Jumamosi baada ya alasiri, na waje na ndoo.